Mwalimu Aliyelala Sinema

Mwalimu hakuwa mtu wa kusinzia. Kwenye treni alikaa macho, kwenye basi macho, na hata katika zile harusi zetu za London, ambazo kila mjomba lazima ahutubie, yeye alisikiliza mpaka mjomba wa mwisho. Lakini mpeleke sinema, mkalishe kwenye kiti laini, taa zizimwe, picha ya kuchekesha ianze: kabla mtoto wa kwanza hajafungua mfuko wake wa bisi, Mwalimu keshaondoka. Alilala ameketi wima, mikono ameikunja kifuani, kofia juu ya goti, na hakukoroma hata siku moja. Usingejua. Taa zikiwaka alifungua macho, akavaa kofia, akawahesabu watoto kwa kidole na kusema, "Haya, twendeni mkanieleze."

Nilimjua miaka minane. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo sitayasimulia, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa, na mimi si mtu wa kufukua makaburi. Nitasema nilichokiona. Pale nilipokosea nitasema pia, ingawa sipendi.

Mimi ni muuguzi, mtoto wa Mombasa, na wanangu wawili, Zuhura na Badi, wamezaliwa hapa hapa London. Niliwapeleka kwa Mwalimu kwa sababu ya aibu. Mama yangu alipiga simu akaongea na Zuhura dakika tatu, kisha akaniuliza kwa upole kama mtoto ana tatizo la masikio. Hakuwa na tatizo lolote. Alimwelewa bibi yake neno kwa neno na kumjibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo wote hapa, na mimi niliyekuwa narudi kazini miguu imevimba sikuwa na nguvu za kumwambia arudie. Siku ile nililia jikoni. Wiki iliyofuata mwenzangu wa wodini akanambia kuna mwalimu mstaafu, Mkenya wa bara, anafundisha watoto Kiswahili kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja nyuma ya maduka ya Wembley. Nikamwambia mimi Mwislamu. Akanambia ukumbi una joto, vyoo visafi, na Mwalimu hahubiri. Basi, nikaenda.

Nilimkuta amesimama mlangoni na koti la kijivu lililopigwa pasi, viatu vinang'aa hadi unaogopa kusogea karibu, na chupa ya chai ya rangi kwapani. Tangawizi ya chai ile ilikuwa inakuwasha koo kwa harufu tu. Alinitazama, akatazama saa, akasema tumechelewa dakika nne. Nikamwambia basi lilikwama. Akasema mabasi yote hukwama, ndiyo maana yeye hupanda la kabla yake. Nikajiambia, huyu mzee hatutawezana.

Watoto walimsalimu kwa shikamoo na kumshika mkono, mmoja mmoja, na asiyesalimu hakuingia. Kuhusu saa, viatu na salamu alikuwa mkali kama askari jela. Lakini ukishavuka kizingiti, ukali uliishia pale, na hili ndilo lililotuchanganya sisi wazazi. Mtoto akizungumza Kiingereza, Mwalimu hakumkemea. Alingoja. Mtoto akipinda sentensi ikawa haina kichwa wala miguu, hakumsahihisha, aliuliza swali jingine mpaka mtoto mwenyewe airudie ikiwa imenyooka kidogo. Mama mmoja alilalamika kwamba huo si ualimu, ni kulea uzembe. Mimi niliunga mkono, tena kwa sauti.

Sinema ilikuwa mara moja kila muhula, na siku zote ilikuwa picha ya familia, ya kuchekesha. Mlangoni kabla ya kuingia Mwalimu aligawa watu. Wewe utamwangalia bibi. Wewe baba. Wewe polisi. Wengine waache, huyu ndiye wako. Somo lenyewe lilikuwa kwenye basi la kurudi Queensbury, alikoishi Mwalimu, ghorofa ya juu, viti vya mbele. Kila mtoto alisimama kwa zamu, ameshika nguzo, akaeleza alichofanya mtu wake tangu mwanzo hadi mwisho, na Mwalimu akageuka kwenye kiti kumsikiliza. Aliyeanza kwa kusema "si uliona vile" alijibiwa hivyo hivyo kila mara. "Mimi sikuona. Nieleze."

Picha wasiyoisahau wanangu ni ile ya familia inayorithi duka la mikate pamoja na bata bukini wa marehemu, bata mwenye kiburi anayejiona yeye ndiye mwenye duka. Zuhura alikuwa na miaka minane, akapewa bibi anayeendesha gari vibaya. Badi alikuwa na sita, akapewa bata, na kwa furaha ya kupewa bata nusura ajikojolee. Kwenye basi alieleza jinsi bata alivyoingia jikoni akakalia keki ya harusi. Sisi wote, mpaka abiria wasioelewa kitu, tulicheka. Mwalimu akamsikiliza kama hakimu anayesikiliza shahidi. Kisha akauliza, huyo bata aliingiaje? Si mlango ulikuwa umefungwa? Badi akasema dirisha. Dirisha nalo lilifunguliwa na nani? Na mwanangu, ambaye nyumbani hata kuomba maji aliomba kwa Kiingereza, akahangaika pale akipiga hewa kwa mikono, akitafuta neno la kile chuma cha kufungia dirisha, mpaka dadake akamnong'oneza: komeo. Akalipokea neno lile na kulipigia kelele basi zima. Wiki nzima nyumbani kwangu kila kitu kilikuwa komeo.

Mwalimu hakucheka. Sisemi alicheka kidogo, nasema katika miaka minane sikumwona akicheka. Watoto walishindana kumchekesha na hakuna aliyefaulu. Siku moja nilimuuliza kwa nini basi anachagua vichekesho, mtu mwenye uso kama wa mazishi. Alinijibu kwamba picha ya huzuni mtoto anaweza kukueleza kwa kunyamaza, ukamwelewa. Ya kuchekesha haiwezekani. Anayetaka ucheke atalitafuta neno mpaka alipate. Nikamwambia, lakini Mwalimu hucheki. Akasema ndiyo maana wanazidi kutafuta.

Nilidhani na kule kulala ni mbinu. Nilidhani anafumba macho tu ili watoto waamini kwamba kweli hakuona, na niliwaambia kina mama wenzangu kwamba mzee anajifanya. Kumbe alikuwa mlinzi wa bohari moja, zamu ya usiku. Jumamosi asubuhi alitoka kazini, akaoga, akapiga viatu rangi na kuja moja kwa moja kutufundishia watoto, bila kutaja neno. Nililijua hilo baadaye sana, kwa mtu mwingine, na nilikumbuka yote niliyoyasema nikatamani ardhi inimeze.

Alikuwa na binti mmoja, mtu mzima, mfamasia, anaishi Stratford, upande wa pili wa jiji. Kila Jumamosi tukiwa kituoni tunangoja basi, Mwalimu alisogea pembeni akampigia simu. Maongezi yale yalikwisha kabla basi halijafika. Yote kwa Kiingereza: kazi inaendeleaje, inaendelea vizuri, unakula, nakula, huko kuna mvua, hata huku, haya kwaheri. Wote wawili na adabu zao, kama mteja na karani wa benki. Akikata simu aliendelea kuishika mkononi na kuitazama. Mara moja, bila mimi kumuuliza, alinambia kitu ambacho sikukielewa siku ile.

"Mama Zuhura, ninachokitaka hapa duniani ni mwanangu aniambie kitu."

Nikamuuliza amemficha nini.

"Hajanificha. Nataka aniambie chochote. Kitu chenye chumvi."

Basi likaja, watoto wakapanda, na mimi nikalipuuza. Nilidhani ni upweke wa wajane tu, maana mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Ulikuwa mkutano wa wazazi, mwisho wa muhula, na kina mama walikuwa wamechoka na watoto wasiosonga mbele haraka. Siku ile nilikuwa na mdomo. Nikasimama nikawakumbusha kile kibao cha shuleni kwetu. Kila aliyesoma Kenya anakijua: kipande cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili au lugha ya nyumbani unavalishwa shingoni, na unakivaa mpaka umnase mwenzako, naye umvalishe. Mimi nilikivaa. Nilikivaa hadi nikaota kovu la aibu, lakini Kiingereza nilikijua, au sivyo? Basi, nikasema, tukigeuze. Anayeongea Kiingereza ndani ya ukumbi huu avae kibao. Muhula mmoja tu, mtaona.

Walicheka, wakapiga makofi. Mama mmoja akasema samaki mkunje angali mbichi. Mwingine akasema mume wake ana mbao gereji, atakichonga wiki ile ile. Mimi nikaketi nimejaa sifa.

Mwalimu akainuka. Alivaa kofia yake taratibu, akasema, "Mtoto si samaki," na akatoka. Chupa yake ya chai aliiacha mezani.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Watoto walisimama nje ya ukumbi katika baridi, na wazazi wakanitazama mimi. Zuhura alinambia kwa Kiingereza, mbele ya watu, kwamba mimi ndiye niliyemfukuza. Nikaichukua ile chupa nikapanda basi kwenda Queensbury.

Alikuwa amepanga ghorofa ya juu kwa Mhindi mmoja mzee wa Kisumu, mwenye duka, ambaye alinifungulia mlango na kunipokea kwa Kiswahili cha sokoni chenye kelele. Akanambia Mwalimu hali vizuri, nimlazimishe ale. Nikapanda ngazi. Mwalimu alinikaribisha, akapokea chupa yake kwa mikono miwili, akachemsha chai. Nilianza kuomba radhi hata kabla sijaketi. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Wewe ulivalishwa, Mama Zuhura. Mimi ndiye niliyekuwa navalisha."

Kisha akanieleza. Nyumbani alifundisha miaka kumi na tano, na kibao cha darasa lake alikichonga mwenyewe. Alipokuja London na mkewe, binti yao alikuwa na miaka sita. Mke na mume walikuwa watu wa makabila mawili, lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, na mtoto alikiongea, alisema, mpaka kuku wakamwelewa. Mwalimu wa shule ya hapa akawaambia mtoto yuko nyuma, wamsaidie Kiingereza. Watu wengine wangenunua vitabu. Yeye aliufungua mfuniko wa sanduku la chai, akakata mbao, akatoboa tundu, akatia kamba. Ndani ya fleti yenye watu watatu. Anayenaswa anaongea Kiswahili, anavaa.

"Mke wangu aliona mtoto anakula nacho, anacheza nacho, anakwenda nacho msalani," akasema. "Basi akawa anaropoka Kiswahili makusudi mbele yangu, ili kihamie kwake. Anapika nacho shingoni. Nami nikamwacha, maana sheria ni sheria. Mama Zuhura, mimi nilimwacha mke wangu apike na kibao shingoni."

Mtoto alichukua miezi minne. Baada ya hapo hakukosea tena. Mwalimu alipiga simu kwao kujisifu kwamba binti yake anaongea kama wenyewe. Tangu hapo Kiswahili kikawa cha wakubwa, cha jikoni, mlango umefungwa. Mke alipofariki, hata jikoni kikakoma.

Nilikaa na kikombe changu kikapoa. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa nimelikwaruza kovu lile mbele ya kadamnasi na kupigiwa makofi. Nikamuuliza kama amewahi kumwambia binti yake kwamba anajuta.

"Nimemwambia. Kwa Kiingereza. Akasema ni sawa, Baba. Kila ninachomwambia ni sawa. Amenikasirikia, najua, na hataniambia kamwe, kwa sababu mahali pa kuniambia nilipafunga mimi."

Nilimpikia ugali na mayai, nikasimama juu yake mpaka akamaliza. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni na koti lake la kijivu, akamwambia Badi amechelewa dakika mbili. Habari ya kibao hakuna aliyeitaja tena. Yule mama wa mbao nilimpigia simu mwenyewe.

Kuna mengine mengi ningeweza kueleza. Kwamba hakukubali kupewa kiti kwenye basi, lakini yeye alimwachia kiti hata kijana mwenye mfuko mzito. Kwamba alichukia mabaki ya chakula, na keki ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu aliweza kuila mpaka makombo huku akisema haipendi. Kwamba alikuwa bahili wa sifa, na Zuhura alipomaliza kueleza picha moja nzima bila neno la Kiingereza, mtoto akingoja kupongezwa, Mwalimu alimwambia tu, "Sasa nimeona." Zuhura alilala na maneno yale. Kwamba aliwapenda watoto wetu nilijua, na kwamba kila alipowasikiliza kulikuwa na mtoto mwingine ambaye hakuwemo kwenye basi lile, hilo pia nilijua, na lilinitia uchungu.

Darasa lilikufa kidogo kidogo. Ukumbi ulifungwa kwa matengenezo, watoto wakakua, wengine wakahama. Mwalimu aliacha kazi ya ulinzi kwa sababu ya magoti. Tulipigiana simu sikukuu, kisha nikawa nasahau, kisha nikawa naona haya kupiga kwa sababu nimesahau. Hivyo ndivyo ilivyo hapa.

Kisha ikaja simu kutoka namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Kiingereza safi, akajitambulisha kuwa binti wa Mwalimu. Baba yake alipata kiharusi na sasa yuko nyumba ya wazee, si mbali na Wembley. Anaongea, akasema, lakini Kiingereza kimemtoka chote. Hiyo hutokea, nimeona wodini: lugha iliyokuja baadaye huondoka, zile za utotoni hubaki. Wahudumu hawamwelewi, chakula hali, anagoma, wanadhani amechanganyikiwa. Namba yangu aliipata kwenye kidaftari chake. Nikamuuliza, na yeye binafsi humwelewa? Akasema anakwenda kila siku baada ya kazi, anakaa naye.

Nilienda kesho yake. Nilimkuta amepungua, mkono wa kulia umelala kwenye blanketi, na nilipomwambia shikamoo alinijibu marahaba kwa sauti iliyonivunja moyo. Kumbe alichokuwa akikitaka wiki tatu zote zile ni vitu vidogo. Supu ni baridi. Dirisha linapitisha upepo shingoni. Viatu vyangu viko wapi, mnanivalisha ndara kama mgonjwa. Niliwatafsiria wahudumu, na nikawaandikia karatasi ya kubandika ukutani: maji, choo, baridi, naumwa. Walishukuru kweli, hawakuwa watu wabaya.

Binti yake alisimama muda wote karibu na meza, na koti lake zuri hajalivua. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, paji la uso ni la baba mtupu. Mimi ni muuguzi, mikono ya watu ndiyo ninayoitazama. Mwalimu aliponambia koo limemkauka, kabla sijafungua kinywa kutafsiri, mkono wa yule binti ulikuwa umeshafika kwenye bilauri. Akaona nimeona. Akaurudisha mkono. Nilifunga mdomo wangu, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Likizo ya katikati ya muhula, ile picha ya bata ikatoa sehemu ya pili. Zuhura sasa ana kumi na tatu na kila kitu ni cha kitoto, lakini aliposikia tu akasema tutaenda na Mwalimu, na hakuuliza. Badi akasema bila Mwalimu haiwezekani. Nyumba ya wazee wakakubali. Binti nikampigia simu kumwomba ruhusa, nikamwambia aje. Alisita, akasema hapendi sana sinema. Nikamwambia hata baba yako hajawahi kuona hata moja, nikamweleza habari ya kulala. Hakulijua hilo. Akaja.

Tulimpeleka kwa kiti cha magurudumu, viatu vimeng'arishwa na Badi. Mlangoni pa ukumbi Mwalimu akainua mkono wake mzima, na wanangu wakasimama wima wenyewe, wakubwa wale, kungoja. Zuhura akapewa bibi. Badi akapewa bata. Mimi nikapewa polisi. Kisha mkono ukaelekea kwa binti yake, ukakaa hewani, ukashuka. Hakumpa mtu. Yule binti aliangalia chini, akasukuma kiti ndani.

Wao wawili walikaa mwisho wa safu, mahali pa viti vya magurudumu, sisi mbele yao kidogo. Taa zilizimwa, bata akatokea na kofia ya meya, watu wakaangua kicheko. Niligeuka. Mwalimu alikuwa ameshalala, ila sasa hakuweza kukaa wima kama zamani, alikuwa anaegemea upande ule uliokufa. Binti yake alimshikilia bega kwa mikono miwili. Niligeuka tena katikati ya picha, na mara ya tatu karibu na mwisho. Hakuwa amesogea.

Ghorofa ya juu ya basi haikuwezekana tena. Tukakaa penye meza za chini, pale wanapouzia vinywaji. Zuhura akasimama, akaanza kwa haya, kisha akasahau kwamba ni mkubwa, akaeleza bibi alivyonunua pikipiki. Badi akafuata na bata. Mimi nikaeleza polisi wangu vibaya, nikachekwa na wanangu. Mwalimu alisikiliza kila mmoja kwa uso ule ule. Tulipomaliza, niliona macho yake yanakwenda kwa binti, yanarudi, yanakwenda.

Binti akaweka kikombe chini.

"Baba. Na mimi nataka kusema."

Haikuwa sauti yake ya simu. Ilikuwa sauti ya mtoto, na Kiswahili chenyewe kilikuwa cha mtoto wa miaka sita, cha mtoto wa Kenya anayeita mama dirishani, kwa sababu hapo ndipo kilipokatizwa na hakikukua tena. Mwanamke mzima, na koti lake, na pochi yake mezani.

"Mimi sikuona picha," akasema. "Nilikuwa nakushika, usianguke."

Mwalimu hakusogea.

"Na mimi nasikia yote. Wewe na mama mkisema jikoni, mimi nilikuwa nasikia. Kila siku nilikuwa nasikia. Baba, mimi nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana, sana."

Mwalimu aliutoa ule mkono mzima akauweka mezani mbele ya binti yake, umefunguka.

"Sema, mama," akamwambia. "Sema yote. Nakusikiliza."

Niliwashika wanangu mabega, tukatoka nje. Palikuwa na manyunyu. Kupitia kioo tulimwona binti analia na kusema, anasema na kulia, kidole kinapiga meza, maneno yakimkwama anafumba macho kuyatafuta, akiyapata anaendelea, na baba yake anaitikia kwa kichwa kila sentensi, uso umelowa, hajifuti. Badi akaniuliza kama yule dada anamgombeza Mwalimu. Nikamwambia ndiyo, anamgombeza, tumwache amgombeze. Tukasimama pale mvuani mpaka walipomaliza.